Mng'ao na Ithibati: Mjadala juu ya Kuchekecha Dawa za Malaria kwa Mwanga

Kazi ya kutafuta dawa mpya huanza na wingi unaolemea, kwa maana kampaundi zinazoweza kujaribiwa, ziwe zimeundwa na wanakemia au zimetolewa katika mimea, kuvu na bakteria, huhesabiwa kwa mamilioni, ilhali zitakazomtibu mgonjwa bila kumdhuru ni chache mno, wala hakuna maabara yenye watu na miaka ya kutosha kuzichunguza zote kwa ukamilifu. Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza huwa ni uchekechaji, yaani kipimo chepesi kinachorudiwa katika vishimo vidogo vya bamba la plastiki, vishimo 96, 384 au hata 1,536 kwa bamba moja, ili kampaundi zisizoonyesha dalili yoyote zitengwe mapema. Kwa miongo mingi sasa vipimo vya namna hii vimeegemea fluoresensi, ambayo ni tabia ya baadhi ya molekuli kufyonza mwanga wa wimbi fupi, kama wa bluu, na kuutoa tena baada ya nanosekunde chache ukiwa na wimbi refu zaidi, kama wa kijani au mwekundu. Kisomaji cha mng'ao huuzuia mwanga unaoingia na kuupokea ule unaotoka, hivyo hata kiasi kidogo sana cha molekuli inayong'aa huonekana waziwazi dhidi ya giza.

Hakuna mtaalamu anayebisha kwamba njia hii ina kasi na wepesi wa kuhisi. Kinachobishaniwa ni kile ambacho mng'ao unathibitisha, na mjadala unaofuata umepangwa kwa sauti tatu ambazo si za watu fulani bali ni misimamo inayokutana katika kila maabara ya aina hii: Mpimaji, ambaye kazi yake ni kuendesha mabamba na visomaji, Mkemia, ambaye hupokea kampaundi zilizochaguliwa na kujaribu kuzigeuza kuwa dawa, na Tabibu, ambaye humngoja mgonjwa mlangoni. Mfano utakaofuatwa ni wa malaria, kwa kuwa ugonjwa huu na fluoresensi vimeandamana tangu mwanzo.

Mpimaji: Ni vema mjadala uanze na hali ilivyokuwa kabla ya mwanga kutumika. Mwaka 1976 William Trager na James Jensen walifaulu kukuza vimelea vya Plasmodium falciparum mfululizo ndani ya damu ya binadamu katika maabara, na tangu hapo ikawezekana kuijaribu dawa juu ya kimelea chenyewe bila kuhitaji mgonjwa. Hata hivyo, kuhesabu vimelea kwa hadubini, baada ya kuipaka damu rangi ya Giemsa, ni kazi ya jicho moja na kioo kimoja kwa wakati mmoja. Mwaka 1979 ilichapishwa njia iliyotumia haipozanthini yenye tritiamu, yaani hidrojeni yenye mnururisho: kimelea hakiwezi kujitengenezea purini, ambazo ni malighafi ya DNA, hivyo huzichukua kutoka nje, na kiasi cha mnururisho kilichoingia ndani yake huonyesha jinsi kilivyokua. Njia hiyo ilikuwa sahihi, lakini ilidai vibali vya mnururisho, mashine ghali na mahali pa kutupa taka za hatari. Mwaka 2004 makundi mawili ya watafiti yalichapisha njia nyingine inayotumia rangi iitwayo SYBR Green I, ambayo hung'aa kijani kwa nguvu inaposhikamana na DNA ya nyuzi mbili. Hoja yake ni nyepesi na nzuri: chembe nyekundu ya damu ya binadamu iliyokomaa haina kiini wala DNA, kwa hiyo ikiwa chembe nyeupe zimeondolewa, DNA inayobaki ndani ya kishimo ni ya kimelea, na baada ya saa 72 mng'ao hupungua kwa kadiri dawa ilivyozuia vimelea kuzaana. Watafiti wa magharibi mwa Kenya waliichukua njia hiyo na kuitumia kupima damu ya wagonjwa wa huko, jambo ambalo lingekuwa gumu sana kwa tritiamu. Tena matunda yake hayakuishia hapo, kwa sababu uchekechaji wa aina hiyo, uliofanywa na taasisi ya Novartis mjini San Diego juu ya kampaundi takriban milioni 1.7, ndio uliofungua njia ya kupatikana kwa ganaplasidi, dawa ambayo ikiunganishwa na lumefantrini ilipita katika majaribio ya awamu ya tatu katika nchi 12 za Afrika, na mwezi Novemba 2025 ikatangazwa kuwa majaribio hayo yamefikia lengo lake kuu.

Mkemia: Bi Mpimaji ameeleza vizuri kile ambacho kipimo hupima, na ni vema kauli yake ishikwe kama ilivyotamkwa. Kipimo hicho hupima rangi iliyoshikamana na DNA, wala hakipimi uhai wa kimelea. Kampaundi inayojipenyeza katikati ya nyuzi za DNA, kama wafanyavyo jamaa wa akridini, inaweza kuisukuma rangi itoke mahali pake, nayo kampaundi yenye rangi nzito, pamoja na himoglobini iliyomo katika damu yenyewe, inaweza kuufyonza mwanga kabla haujakifikia kisomaji. Katika hali zote mbili mng'ao hushuka, na anayesoma namba huandika kwamba kimelea kimezuiwa, kumbe kilichozuiwa ni mwanga. Kinyume chake pia hutokea, na ushahidi wake ni mojawapo ya dawa kongwe katika vita dhidi ya malaria. Kwinini hung'aa bluu. John Herschel aliuandika mng'ao huo mwaka 1845 baada ya kuona maji ya kwinini, yasiyo na rangi ndani, yakiwa na utando wa bluu juu yalipopigwa na jua, na George Stokes alipoieleza fluoresensi kwa kina mwaka 1852 alitumia kimiminiko hichohicho. Kama kwinini isingejulikana hadi leo, ikawekwa katika kipimo ambacho kimeng'enya kikifanya kazi hutoa mng'ao wa bluu, mng'ao wake wenyewe ungeziba upungufu wowote, ikatupwa miongoni mwa zisizofaa. Na ikiwekwa katika kipimo ambacho kuongezeka kwa mng'ao huhesabiwa kuwa ushindi, ingesifiwa kwa kazi isiyoifanya.

Mpimaji: Historia hiyo ina upande wa pili. Japani ilipoiteka Java mwaka 1942 na kuyakatia majeshi ya Washirika njia ya kupata magome ya mkwinini, askari walipewa mepakrini, dawa ya manjano ambayo iliwatapisha, na wengi wakakataa kuimeza. Watafiti wa hospitali ya Goldwater mjini New York, wakiwemo Bernard Brodie na Sidney Udenfriend, waliitumia tabia ya mepakrini ya kung'aa ili kukijua kiasi chake katika damu, na kwa vipimo hivyo ikawezekana kupanga dozi kubwa ya kuanzia ikifuatwa na dozi ndogo za kila siku, zikatosha bila kumwelemea mgonjwa. Mashine iliyoundwa miaka ya 1950 na Robert Bowman kwa ajili ya kupima mng'ao katika mawimbi mbalimbali ilizaliwa katika ukoo huohuo wa utafiti. Mng'ao ambao Bwana Mkemia anauhesabu kuwa kikwazo uliokoa maisha kwa sababu waliouona waliuelewa.

Kwa haki ya upande huu inafaa kuongeza kwamba wapimaji hawajakaa bure. Kampaundi zinazong'aa zenyewe ni nyingi katika bluu na hupungua sana kuelekea wekundu, kwa hiyo vipimo vipya huchagua rangi za mawimbi marefu. Bamba husomwa kabla rangi haijatiwa, ili mng'ao wa kampaundi ujulikane na kutolewa. Na sabuni laini kidogo huongezwa ili kuyavunja mafundo ya kampaundi zinazogandamana na kukumbatia vimeng'enya bila ubaguzi. Njia iliyo bora kuliko hizo zote ni ile inayotumia metali kama yuropiamu na terbiamu, ambazo mng'ao wake hudumu mara elfu nyingi zaidi ya ule wa kawaida: kisomaji hungoja kidogo baada ya kuupiga mwanga, mng'ao wa takataka hufa wenyewe, kisha hesabu huanza. Pamoja na hayo, tangu mwaka 1999 maabara zimetumia kipimo cha ubora kiitwacho Z-prime, kinacholinganisha umbali kati ya vishimo vya udhibiti, vile vyenye dawa inayojulikana na vile visivyo na kitu, dhidi ya kutawanyika kwa namba zake. Kikifika 1 ni ukamilifu, na kikizidi 0.5 kipimo huitwa bora sana. Hata hivyo, kipimo hicho hukadiriwa kwa vishimo vya udhibiti peke yake, kwa hiyo hueleza unadhifu wa mashine na mikono ya wapimaji bila kueleza lolote kuhusu ukweli wa kampaundi mpya, na ni jambo la kusikitisha kwamba makala nyingi huitaja namba hiyo mahali ambapo msomaji angetarajia uthibitisho.

Mkemia: Ndiyo maana kisa cha resveratroli hakiwezi kuachwa. Mwaka 2003 ilichapishwa taarifa kwamba resveratroli, kampaundi iliyomo katika ngozi ya zabibu, huamsha kimeng'enya kiitwacho SIRT1 ambacho wengi walikihusisha na kuchelewa kuzeeka. Kipimo kilitumia kipande kifupi cha protini kilichofungiwa molekuli ya kung'aa mkiani: kimeng'enya kikifanya kazi yake, molekuli hiyo huachiliwa na mng'ao huongezeka. Mwaka 2005 makundi mawili tofauti yalirudia kazi hiyo na kuonyesha kwamba pale mkia wa kung'aa unapoondolewa, uamshaji nao hutoweka. Kampaundi ilihitaji mkia huo ili ishikamane, na mkia huo haupo katika mwili wa kiumbe yeyote. Onyo hilo lilikuwa limekwisha kuchapishwa miaka 3 kabla ya kampuni ya GlaxoSmithKline kuinunua Sirtris, iliyojengwa juu ya wazo hilo, kwa dola milioni 720 mwaka 2008. Mwaka 2010 watafiti wa Pfizer walirudia tena, kwa kampaundi za Sirtris zenyewe, wakakuta hali ileile. Ofisi za Sirtris mjini Cambridge, Massachusetts zilifungwa mwaka 2013.

Mpimaji: Bwana Mkemia anakatisha kisa kabla hakijaisha. Mwaka huohuo wa 2013 ilichapishwa kazi nyingine iliyoonyesha kwamba baadhi ya protini za asili zina asidi-amino kubwa zinazochukia maji mahali palepale ulipokuwa mkia wa kung'aa, na kwa protini hizo uamshaji hutokea bila rangi yoyote. Tena kubadilisha asidi-amino moja tu katika kimeng'enya kulitosha kuuzima. Kwa hiyo mng'ao haukusema uongo mtupu. Ulisema jambo la kweli kuhusu mazingira finyu, na waliousikia wakalitangaza kuwa jambo la kweli kwa mwili mzima.

Hapa ndipo mizani ya mjadala inapoelemea upande mmoja. Maelezo ya Mpimaji ni sahihi kisayansi, lakini hayamwondolei mzigo, kwa kuwa tofauti kati ya mazingira finyu na mwili mzima isingeweza kujulikana kwa kurudia kipimo kilekile mara mia. Ilijulikana tu pale watafiti wengine walipotumia njia isiyotegemea mwanga, wakaipima protini isiyo na mkia kwa uzito wa molekuli zake au kwa kutenganisha mazao ya kimeng'enya. Kurudia huonyesha kwamba mashine haikukosea. Njia ya pili, yenye asili tofauti na ya kwanza, ndiyo inayoonyesha kwamba kampaundi inafanya kazi, na yeyote anayeichelewesha njia hiyo hadi baada ya kutangaza, au baada ya kuuza, anawakopa wagonjwa imani ambayo huenda asiweze kuilipa.

Tabibu: Kuna udhaifu mwingine ambao njia ya pili peke yake haiuponyi, nao unahusu muda. Wagonjwa wa Rwanda, wa kaskazini mwa Uganda na wa mkoa wa Kagera nchini Tanzania wamekwisha kukutwa na vimelea vyenye mabadiliko katika jeni ya K13, mabadiliko yanayohusishwa na usugu dhidi ya dawa ya artemisinini. Taarifa ya Rwanda ilichapishwa mwaka 2020 na ya Uganda mwaka 2021. Vimelea hivyo vikiwekwa katika kipimo cha kawaida cha saa 72 huonekana kana kwamba vinakufa kama vingine, kwa sababu usugu wao uko katika saa chache za mwanzo wa maisha ya kimelea, kikiwa bado katika umbo la pete ndani ya chembe nyekundu. Hulala, dawa ikipita huamka, na katika mwili wa binadamu artemisinini hupita upesi. Ilibidi kitengenezwe kipimo kingine, kilichochapishwa mwaka 2013, ambamo vimelea vyenye umri usiozidi saa 3 hupewa dihidroartemisinini, jamaa ya artemisinini, kwa saa 6 tu, kisha dawa huoshwa na vilivyosalimika huhesabiwa baada ya siku 3. Bwana Mkemia na Bi Mpimaji wanabishana kama mwanga ni mkweli, ilhali mtoto mwenye homa anaumizwa na swali ambalo halikuulizwa.

Mpimaji: Daktari amegusa penyewe, lakini kipimo hicho cha pete nacho sasa husomwa kwa mwanga. Badala ya kuhesabu kwa hadubini maelfu ya chembe, damu hupitishwa chembe mojamoja mbele ya miale ya leza ikiwa imetiwa rangi mbili: SYBR Green I inayoonyesha kwamba ndani ya chembe kuna DNA ya kimelea, na rangi nyekundu inayoingia katika mitokondria pale tu penye chaji ya umeme, yaani katika kimelea kilicho hai. Hapo hoja ya Bwana Mkemia ya mwanzo, kwamba DNA si uhai, inajibiwa kwa fluoresensi yenyewe.

Mkemia: Inajibiwa kwa kimelea, na hilo linakubalika bila kinyongo. Kwa mimea bado haijajibiwa, na mimea ndiyo mali ambayo Afrika Mashariki inategemea zaidi katika utafiti wa aina hii. Dondoo la majani, liwe la mwarobaini au la pakanga, huwa limejaa klorofili inayong'aa wekundu mkali, kwa hiyo ushauri wa kukimbilia mawimbi marefu, ambao ni mzuri kwa kampaundi safi, humpeleka mpimaji wa mimea moja kwa moja mtegoni. Manjano inayotiwa katika pilau ina kurkumini, ambayo hufyonza mwanga wa bluu, hung'aa yenyewe, hugandamana, na kushambulia protini nyingi bila kuchagua. Imo katika kundi la kampaundi ambazo Jonathan Baell na Georgina Holloway walizitahadharisha mwaka 2010 kuwa hupita karibu kila chekeche bila kufaa popote. Mwaka 2017 wanakemia walipopitia maandiko juu ya kurkumini, ambayo yalikuwa yamefika maelfu, hawakukuta hata jaribio moja la kitabibu, lenye kundi la kulinganisha na ambamo mgonjwa na daktari hawajui nani amepewa nini, lililofaulu.

Tabibu: Na ikumbukwe kwamba artemisinini yenyewe, iliyotolewa katika pakanga ya Uchina na kundi la Tu Youyou mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilionekana kwa panya na nyani wenye malaria, si katika vishimo vya plastiki.

Suala la mimea linastahili kukaliwa kuliko mengine yote, kwa sababu madhara yake hayaishii katika majarida. Pale mtafiti anapotangaza kwamba dondoo fulani linaua kimelea cha malaria, akitegemea mng'ao mmoja uliopungua katika bamba moja, habari hutoka siku hiyohiyo, na muda si mrefu chupa zenye jina la mmea huo huanza kuuzwa mitaani kwa watu ambao wangepaswa kuwahi zahanati, nao mtoto wa miaka 2 mwenye malaria kali hana siku za kungoja jarida lisahihishe makosa. Ajabu ni kwamba njia ya pili, ile inayokosekana katika taarifa nyingi kama hizo, ni miongoni mwa vitu ambavyo Afrika Mashariki inavyo kwa wingi kuliko maabara nyingi za nchi tajiri: hadubini, rangi ya Giemsa, na wataalamu waliofunzwa kuitambua pete ya falciparum kwa kuitupia jicho. Dondoo lililopunguza mng'ao likipakwa kwenye kioo na kusomwa na mtaalamu asiyejua ni kishimo kipi kilikuwa na dawa, klorofili haina pa kujificha. Gharama yake ni muda, na muda huo ungeweza kuandikwa katika kila maombi ya fedha za utafiti kama kifungu kisichopunguzwa.

Mpimaji: Sharti hilo linakubalika, ilimradi mpangilio usigeuzwe. Hadubini haiwezi kusoma kampaundi milioni 1.7, na bila mwanga ganaplasidi ingekuwa bado kwenye friji. Taasisi ya Medicines for Malaria Venture ilipogawa bure, kuanzia mwaka 2011, sanduku la kampaundi 400 zilizokwisha kuonyesha nguvu dhidi ya kimelea, maabara takriban 200 ulimwenguni zilizipima upya kwa njia zao mbalimbali, na matokeo yakawekwa pamoja. Huo ndio mfano wa kufuatwa: mwanga uchague, kisha wengi wahakiki.

Mkemia: Uhakiki huo ulifanywa juu ya zile 400 zilizochaguliwa. Njia ya pili, iwe ya hadubini au nyingine yoyote, hukutana tu na kampaundi ambazo mwanga umezipitisha. Zile ambazo mng'ao wake wenyewe ulizificha ingawa ni wauaji wazuri wa kimelea, kama kwinini katika mfano wa awali, hazina mtu wa kuzikatia rufaa. Bi Mpimaji aeleze ni nani atakayezirudia.

Mpimaji: Sehemu yake ndogo inaweza kuchukuliwa kwa kura, bila kuangalia namba zake, na kupelekwa kwenye hadubini pamoja na zilizopita.

Tabibu: Sehemu ndogo kiasi gani?

Juu ya jibu la swali hilo Mpimaji na Mkemia hawakubaliani. Mpimaji anaona kwamba kampaundi 1 katika kila 1,000 zilizotupwa inatosha kuonyesha kama kipimo kinapoteza nyingi, naye Mkemia anashikilia kwamba kiasi hicho hakiwezi kugundua upotevu wa kitu kilicho adimu kuliko hapo, na kwamba kura isipigwe sawa kwa zote, bali ielemee zile ambazo bamba lilipozisoma kabla ya kutiwa rangi lilikuta tayari zinang'aa.